"Usajili Wako Haujakamilika": Ujanja wa Simu Uliodanganya Hadi Kompyuta

Simu inalia saa nne asubuhi na duka limejaa watu. Sauti ya upole inakuita kwa majina yako matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, halafu inasema: "Mteja wetu, till yako haijakamilisha usajili. Isipokamilishwa leo itafungwa. Kuna nambari nakutumia sasa hivi, nisomee tumalizie." Wewe unajua fika till hiyo uliisajili mwaka juzi. Umeitumia jana. Hata sasa kuna mtu amelipia unga dakika tano zilizopita. Lakini sauti imesema haijakamilika, foleni inangoja, na moyo unaanza kujiuliza: kwani kuna fomu nilisahau kujaza?

Wengi wenu mmeshapokea simu kama hiyo, na tumeizungumzia hapa zaidi ya mara moja. Leo tunarudi kwake kwa njia nyingine. Mwaka wa 2023 ujanja huu huu, ati usajili haujakamilika, ulifanyiwa programu ya kompyuta inayotumiwa na kampuni kubwa katika nchi nyingi. Kompyuta haina haraka, haina foleni, haiogopi kufungiwa till. Na bado ilikubali.

Tulipoisoma habari hiyo tuliona kwamba inaeleza kitu ambacho sisi huwa tunakisema vibaya. Huwa tunawaambia "linda PIN yako", na ni kweli, ilinde. Lakini kuna wizi ambao hauhitaji PIN yako hata kidogo.

Macho ya keshia, mikono ya mwenye duka

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi. Tuseme una hadiwea pale Kitengela, na una keshia mmoja. Kwenye till yako keshia anaona malipo yakiingia, basi. Anajua mteja amelipia mabati, anamruhusu abebe. Kutoa pesa kwenye till kuzipeleka benki, hapana. Kumrudishia mteja malipo, hapana. Kuongeza mtu mwingine kwenye till, hapana kabisa. Hayo ni yako wewe mwenye duka. Si kwamba humwamini keshia. Ni kwamba siku simu yake ikinyakuliwa kwenye matatu, mwizi atakuwa amepata macho ya keshia tu, hatakuwa amepata mikono ya mwenye duka.

Mifumo ya ofisi imejengwa hivyo hivyo. Karani wa karo shuleni anaona karo, haoni mishahara ya walimu. Mtu wa mapokezi hospitalini anaona jina lako na siku ya miadi, haoni majibu ya maabara. Na juu ya wote kuna msimamizi mkuu, ambaye kila mtu siku hizi anamwita admini. Ukiwa kwenye grupu ya chama ya WhatsApp unamjua huyu: ndiye anayeongeza watu, ndiye anayewatoa, ndiye anayebadilisha jina la grupu usiku wa manane na hakuna wa kumuuliza. Sasa fikiria mtu ambaye hamkumwongeza kwenye grupu, hamjui hata nambari yake, na asubuhi moja mnaamka yeye ndiye admini.

Kasoro ya programu inayoruhusu kitu kama hicho tutaiita kujipandisha ngazi. Mwizi wa nenosiri anaingia kwa jina lako na kupata kile ulichonacho wewe, si zaidi. Akimwibia keshia, anapata ya keshia. Anayejipandisha ngazi hana haja na cha mtu. Anajipa chake, na anajipa cha juu kabisa. Ndiyo maana kasoro za aina hii huwanyima usingizi watu wa usalama wa kompyuta kuliko nenosiri kumi zilizovuja.

Daftari la ofisi

Programu yenyewe inaitwa Confluence. Inatengenezwa na Atlassian, kampuni iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwaka wa 2002. Kazi yake haisisimui hata kidogo: ni daftari la pamoja la ofisi. Wafanyakazi wanaandika humo mipango ya kazi, kumbukumbu za mikutano, maelezo ya jinsi mifumo yao mingine inavyofanya kazi na, tuseme ukweli, mara nyingine nenosiri ambazo hazikufaa kuandikwa popote. Ukitaka kuijua kampuni kwa undani, usianze na kabati la pesa. Soma daftari lake.

Mwaka huo wa 2023 kulikuwa na namna mbili za kuitumia. Ungeweza kuitumia ikiwa kwenye kompyuta za Atlassian wenyewe, wao wakiitunza. Au ungeweza kuichukua na kuiweka kwenye seva zako, ukaitunza mwenyewe. Kasoro tunayoizungumzia ilikuwa kwenye hii ya pili, ile ambayo kampuni nyingi ziliichagua kwa sababu zilitaka mambo yao yakae nyumbani.

Programu ya aina hii ikiwekwa mara ya kwanza huwa tupu. Haina mtumiaji hata mmoja, kwa hivyo haiwezi kumdai yeyote nenosiri, itamdai nani? Inafungua kurasa za usajili, inauliza maswali machache, na kabla haijamaliza inasema: haya, tengeneza admini wa kwanza, chagua jina na nenosiri. Ukishamaliza, inajiandikia ndani kwamba usajili umekamilika, ndiyo. Tangu hapo kurasa zile zinajifunga. Hakuna anayezihitaji tena.

Hapo sasa ndipo shida ilipokuwa. Ile "ndiyo" ingeweza kugeuzwa kuwa "hapana" na mtu aliye nje kabisa, asiye na akaunti. Kulikuwa na ukurasa uliofunguka bila nenosiri, na ukurasa huo ulikubali maagizo ya ziada yaliyobandikwa mwishoni mwa anwani yake, maagizo ambayo yalipenya hadi kwenye mipangilio ya ndani ya programu. Mtu anaandika anwani, anaongeza maneno machache kwamba usajili haujakamilika, anabonyeza. Programu ambayo imekuwa kazini miaka, yenye wafanyakazi wengi ndani yake, inasahau kwamba ilishasajiliwa. Inafungua tena kurasa za siku ya kwanza na kumuuliza mgeni kwa adabu: ungependa admini aitwe nani, na nenosiri lake liwe lipi?

Hakuna nenosiri lililokisiwa. Hakuna mfanyakazi aliyebonyeza kiungo kibaya kwenye barua pepe. Kila mtu ofisini angeweza kuwa amefanya kila alichofundishwa, na bado jioni kukawa na admini mpya asiyejulikana na yeyote.

Siku 20

Atlassian walitangaza kasoro hiyo Jumatano, tarehe 4 Oktoba 2023, na siku hiyo hiyo wakatoa matoleo yaliyozibwa. Waliipa alama 10 kati ya 10 za hatari. Juu ya hapo hakuna. Kwenye orodha ya kimataifa ya kasoro imeandikwa CVE-2023-22515. Waliogundua mapema kwamba kuna jambo walikuwa wateja wachache walioona mambo yasiyoeleweka kwenye seva zao wakaripoti. Tunapenda sana sehemu hiyo ya hadithi. Mteja anayepiga simu kusema "hapa kuna kitu sikielewi" huwa anaomba msamaha kwanza, ati huenda anasumbua. Hasumbui.

Tarehe 10 Oktoba, Microsoft wakasema walikuwa wameliona kundi la wadukuzi wanaoliita Storm-0062, kundi lenye mkono wa serikali nyuma yake, likitumia kasoro hiyo tangu 14 Septemba. Hesabu mwenyewe. Siku 20 kabla ya tangazo, wakati hakuna kiraka duniani ambacho ungeweza kukiweka hata kama ungetaka. Tarehe 16 Oktoba FBI na mashirika mengine ya usalama wa mtandao ya Marekani yakatoa onyo la pamoja.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Kasoro ilikuwa kwenye matoleo kuanzia 8.0.0. Waliobaki na matoleo ya zamani, wale wavivu wa kusasisha, hawakuguswa. Tunajua kuna mtu anayesoma hapa ambaye apu yake haijasasishwa tangu uchaguzi uliopita na sasa anatabasamu. Ngoja kwanza. Tarehe 31 Oktoba, mwezi huo huo, Atlassian walitangaza kasoro nyingine kwenye programu hiyo hiyo, na hii iligusa matoleo yote, ya zamani na mapya. Ilimruhusu mtu wa nje kuifuta Confluence ya kampuni na kuianzisha upya, halafu kujitengenezea admini. Tena siku ya kwanza! Mkuu wao wa usalama aliwaonya wateja kwamba wanaweza kupoteza data nyingi, na haikuchukua hata wiki kabla wakora hawajaanza kuitumia, wengine kwa kufunga mafaili ya watu na kudai malipo.

Kiraka hakimtoi mgeni

Katika maelezo yote ya Atlassian, tuliloona ni zito kuliko yote ni hili: kama mtu alikwisha kuingia, kusasisha programu hakumwondoi.

Fikiria umegundua kufuli la duka lako linafunguka kwa msumari. Unamwita fundi, anaweka kufuli jipya, zuri, la bei. Unalala vizuri. Lakini mtu aliingia jana usiku na bado amejificha stoo, nyuma ya magunia ya saruji. Kufuli jipya limemfungia ndani, na ndani ndiko alikotaka kuwa. Yule admini aliyejitengenezea akaunti tarehe 20 Septemba, tarehe 5 Oktoba bado ni admini. Kwa mfumo hana tofauti na admini wa halali. Ana jina, ana nenosiri, yuko kwenye orodha. Mlango aliopitia umezibwa, lakini yeye sasa anapitia mlango wa mbele kama wengine.

Kwa hivyo wateja waliambiwa wafanye kazi ya pili ambayo haina raha: wafungue orodha ya maadmini na kuuliza jina moja moja, huyu ni nani? Watafute akaunti mpya ambazo hakuna anayekumbuka kuzifungua. Warudi kwenye kumbukumbu za seva waone kama kuna mtu alizifungua zile kurasa za usajili, ambazo kwenye programu inayofanya kazi hakuna sababu ya mtu kuzifungua.

Tukio hili lilikuwa la programu moja ya ofisi, si la mfumo wa pesa wa simu, na hatutaki mtu afunge till yake kwa hofu. Lakini shule, sacco, hospitali na kampuni nyingi unazoziachia jina, nambari ya simu na kitambulisho chako zinatumia programu zilizotengenezwa na wengine, nasi kampuni za fedha ni hivyo hivyo. Wewe huwezi kuziba kasoro zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kampuni ya hapa Kenya ambayo data zake zimeingiliwa, na wenye data wako hatarini, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue, na iwajulishe wenyewe pia. Ukipata ujumbe wa aina hiyo kutoka shule au hospitali, usiufute kama tangazo. Na ukumbuke yule wa saa nne asubuhi aliyejua majina yako matatu. Majina yanapatikana kwa njia nyingi. Kuyajua si ushahidi kwamba mtu anapiga kutoka kwetu.

Milango ya siku ya kwanza

Till yako nayo ina milango ya siku ya kwanza. Iko mitatu, na yote ina sababu nzuri ya kuwepo, kwa sababu watu husahau na simu huanguka chooni.

Wa kwanza ni kuweka PIN upya. Mfumo unakubali kwamba hujui PIN ya zamani, kwa hivyo lazima ukuthibitishe kwa njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni nambari ya mara moja inayotumwa kwenye laini yako. Ndiyo ile anayotaka umsomee. Hahitaji PIN yako. Anataka mfumo uamini kwamba leo ndiyo siku yako ya kwanza, kisha aweke PIN yake. Wa pili ni laini yenyewe kuhamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu. Akifanikiwa hapo, nambari za uthibitisho zitakuwa zinamfikia yeye. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wa mtandao huo huo wanapiga simu kama kawaida, usingoje jioni. Azima simu, pigia kampuni ya laini yako, halafu utupigie sisi.

Mlango wa tatu ndio unaotusumbua zaidi, kwa sababu watu hawauoni kama mlango: kuongeza mtumiaji kwenye till. Unakwenda ushago wiki moja, unamwongeza binamu ashike duka. Unampa ngazi ya juu kwa sababu ni haraka na ni binamu. Unarudi, maisha yanaendelea, binamu anahamia Eldoret na simu yake anamuuzia rafiki. Miaka miwili baadaye till yako bado ina mtu mwenye mikono ya mwenye duka ambaye hata hukumbuki kwamba yupo. Umeshabadilisha PIN yako mara tatu tangu wakati huo, na kila mara ulihisi uko salama. Lakini PIN uliyobadilisha ni yako. Ya binamu iko vile vile. Ni kufuli jipya, na mtu yuko stoo.

Wengine hata hawaongezi mtu. Wanampa keshia PIN yao ya mwenye duka na kumwambia "utatumia hii". Hapo umefuta ngazi zote kwa mkono wako, na pesa zikipungua huwezi kujua nani alitoa, kwa sababu kwenye taarifa kila kitu kimeandikwa jina lako. Tumeona mabishano mengi ya familia yanaanzia hapo, na hakuna kumbukumbu ya mfumo inayoweza kuyamaliza. Mpe keshia akaunti yake ya keshia. Ni bure na inachukua dakika chache.

Kwa hivyo leo jioni ukifunga hesabu, fungua apu ya biashara, ingia sehemu ya watumiaji, na usome majina kama wale watu wa Confluence walivyolazimika kusoma: huyu ni nani, bado yuko hapa, na ngazi hii anaihitaji ya nini? Aliyeondoka, mtoe. Keshia mwenye uwezo wa kutoa pesa, mshushe, na umweleze kwa nini ili asione ni dharau. Mwambie ukweli kwamba inamlinda yeye pia. Siku pesa zikipotea hakuna atakayemnyooshea kidole kwa kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukifanya.

Na kama kuna simu inakuja ya usajili ambao haujakamilika, kata bila kujibizana. Sisi hatukupigii kuomba PIN wala nambari tuliyokutumia. Kama kweli kuna fomu imebaki, utaiona ndani ya apu ukiingia mwenyewe, na wakala aliyekusajili atakuwa anaijua.

Ukikuta kwenye orodha jina usilolijua kabisa, bonyeza kusimamisha kwanza badala ya kufuta. Akisimamishwa hawezi kufanya kitu, lakini tunaweza bado kuona aliongezwa siku gani, kutoka simu gani, na aligusa nini. Piga picha ya skrini, andika saa uliyomwona, halafu utupigie kwa nambari iliyo ndani ya apu, si ile iliyokupigia.